Sura ya Nne: Mshahara wa Mwalimu wa Goma

Mwishoni mwa Januari 2025 wapiganaji wa kundi la waasi la M23 waliuteka mji wa Goma, mashariki ya Kongo, na benki zikafunga milango. Mwezi uliofuata wenye mamlaka wapya walitaka shule zifunguliwe. Walimu wakarudi mmoja mmoja, wakafagia madarasa ambamo familia zilizokimbia zilikuwa zimelala, wakaandika tarehe ubaoni na kuanza kuita majina. Benki hazikufunguliwa pamoja na shule. Mwalimu wa serikali aliyezoea kupokea mshahara wake benki alikuwa kazini, lakini fedha zake, kama zilikuwa zimetumwa, zilikwama upande wa pili wa vita.

Katika vitabu na warsha kuhusu ustawi wa walimu walio vitani, mazungumzo huanzia moyoni: hofu, ndoto mbaya, uchovu, majonzi ya kufiwa. Hayo yote yapo, nami nitayafikia. Lakini mshahara hutajwa mwishoni, kama jambo la wahasibu, na hapo ndipo ninapotofautiana na warsha hizo. Mtu anayekwenda kazini akijua kwamba jioni hana cha kuteleka hawezi kuutuliza moyo wake mwenyewe, sembuse mioyo ya watoto themanini.

Ili kuona vita vilimkuta mwalimu huyu katika hali gani, inabidi turudi hadi Zaire ya Mobutu. Mfumuko wa bei uliula mshahara wa serikali, walimu wakagoma, na mwaka wa masomo 1991–92 ukapotea nchi nzima. Wakongo mpaka leo wanauita mwaka mweupe. Ili mwaka uliofuata usipotee nao, maaskofu wa Kanisa Katoliki na wawakilishi wa wazazi walikubaliana kwamba wazazi wachange wenyewe pesa za kumtia mwalimu moyo. Mchango huo ukaitwa prime. Ulikusudiwa kuwa dawa ya muda, ukadumu karibu miaka thelathini. Wakati waasi wa RCD walipoitawala Goma, kuanzia 1998 hadi 2003, ni mifuko ya wazazi iliyoziweka shule wazi. Gharama yake ilikuwa kubwa. Mtoto ambaye mzazi wake hajalipa alirudishwa nyumbani, na mara nyingi aliyemtoa darasani ni mwalimu yule yule aliyemfundisha kusoma. Sijui kazi ya ualimu inayoumiza kuliko hiyo.

Katiba ya 2006 ilikuwa imeahidi elimu ya msingi bila malipo. Ahadi hiyo ilisubiri hadi Septemba 2019, serikali ya Félix Tshisekedi ilipoamua kuitekeleza. Watoto wakamiminika. Madarasa yaliyokuwa na wanafunzi arobaini yakawa na themanini, mengine yakapita mia. Prime ikafutwa katika shule za msingi, na mwalimu akaambiwa asubiri mshahara kamili kutoka serikalini.

Kusubiri huko kuna ngazi zake. Aliye juu ni mwalimu mwenye namba ya utumishi, ambaye jina lake limo kwenye orodha ya mishahara. Chini yake yupo mwenye namba ambaye bado hajaingizwa kwenye orodha hiyo. Chini kabisa yupo anayefundisha kila siku bila namba wala orodha, akiwa na barua tu ya kupangiwa kazi. Wote watatu wanaweza kuwa ukumbi mmoja, wanagawana chaki moja, na mmoja peke yake ndiye anayelipwa. Orodha yenyewe iliwahi kuchezewa: mwaka 2021 mahakama ya Kinshasa iliwahukumu kifungo mkaguzi mkuu wa elimu na mkuu wa idara ya mishahara ya walimu kwa ufujaji wa fedha hizo. Hata aliyelipwa hakuwa tajiri. Walimu wengi wa msingi walikuwa wakipata chini ya dola 200 kwa mwezi, na Septemba 2024, siku za kufungua shule, migomo ilizuka katika majimbo kadhaa wakidai nyongeza.

Hapo pana jambo ambalo watetezi wa elimu ya bure, nami nikiwamo, hatulisemi sana. Prime ilikuwa dhuluma kwa watoto maskini, lakini pesa zake zilitoka jirani, kwa mama muuza samaki na kwa baba mwenye chukudu, gari lake la mbao la kubebea mizigo, na vita havikuweza kuzikata zote kwa siku moja. Mshahara wa serikali ulining'inia kwenye kamba moja ndefu kutoka Kinshasa. Januari 2025 kamba hiyo ilikatika. Sisemi wazazi warudishiwe mzigo. Ninasema aliyeamua kumlipa mwalimu kutoka mbali alipaswa kuwa na njia ya pili ya kumfikia, hasa katika jimbo la Kivu Kaskazini, ambalo Novemba 2012 lilikuwa limeshauona mji wake mkuu ukitekwa na M23 hao hao.

Kwa walimu wa sekondari mambo yalikwenda kinyume. Elimu yao haikuguswa na sera ya 2019, kwa hiyo waliendelea kutegemea prime. Vijiji vya Rutshuru na Masisi vilipokimbia kuanzia 2022, wazazi walipoteza mashamba, na prime ikaondoka na mashamba hayo.

Baada ya benki kufunga, watu wa Goma walifanya walichoweza. Wenye fedha kwenye simu walikwenda kwa mawakala, ambao walikuwa na noti chache na walikata ada kubwa. Wengine walivuka mpaka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, kutafuta pa kutolea pesa. Noti za franka zilizobaki mjini zilipita mikono mingi mno, zikachakaa hadi wachuuzi wakaanza kuzikataa. Kwa mwalimu hii ina maana kwamba hata mshahara unapofika, haufiki wote, na haufiki bila kupoteza siku nzima ya kazi. Siku hiyo darasa lake linamwangukia mwenzake wa chumba cha pili.

Sasa tuingie katika darasa moja la shule za mbao za Goma, zile zilizojengwa juu ya mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo. Ukuta ni mbao zilizopakwa oili chafu kuzuia mchwa, paa ni bati, sakafu ni vumbi la volkano linalopanda hadi magotini mwa watoto. Mwalimu wa darasa la tatu ana daftari la kuita majina. Mistari iliyochapwa humo haitoshi, kwa hiyo amepiga mingine kwa rula kwenye kurasa za nyuma, na huko ameandika majina ya watoto wa wakimbizi wa ndani. Wenyeji wameandikwa kwa kalamu ya wino. Wageni wameandikwa kwa penseli, maana wanaweza kuondoka wiki yoyote. Kabla ya saa nne asubuhi direkta, yaani mwalimu mkuu, anataka hesabu: wavulana, wasichana, jumla. Mwalimu anajumlisha huku mkono wa pili ukiwatuliza waliokaa chini, kwa sababu madawati yamepungua.

Yamepungua kwa sababu inayojulikana. Familia inayolala darasani msimu wa mvua haina kuni, na dawati ni ubao mkavu. Human Rights Watch ilipochunguza hali ya mashariki ya Kongo na kutoa ripoti mwaka 2015, ilieleza jinsi wanajeshi na makundi yenye silaha walivyokaa katika shule na kuchoma madawati. Raia waliokimbia hufanya vivyo hivyo kwa sababu ya njaa. Mwalimu anaweza kumjua vizuri aliyechoma la kwake: ni mama wa mwanafunzi wake mpya. Atamkasirikiaje?

Mchana shule ile ile inapokea shule nyingine, iliyokimbia na direkta wake, mihuri yake na sehemu ya walimu wake. Zamu ya kwanza inatoka, ya pili inaingia. Pale ambapo walimu wa shule ngeni hawakufika wote, mwalimu wa asubuhi anabaki. Anafundisha somo lile lile la kugawanya mara mbili kwa siku, mara ya pili akiwa na sauti iliyokauka, kwa watoto ambao wengine hawajagusa daftari kwa miezi. Upepo unabamiza bati kama mlio wa bunduki. Nusu ya darasa inajitupa chini. Mwalimu naye ameshtuka, ila yeye haruhusiwi kuinama.

Na jina likiitwa bila kuitikiwa? Utaratibu unamtaka aandike kwamba mtoto hayupo, na baada ya muda amfute. Katika amani utoro ni utoro. Katika Kivu mtoto asiyeitika anaweza kuwa amehamia kwa shangazi, amekwenda kuchuuza, amechukuliwa na kundi fulani msituni, au amekufa. Mwalimu ndiye anayeuliza uani, na mara nyingi ndiye mtu mzima wa kwanza nje ya familia kupata jibu. Jibu hilo hana pa kulipeleka. Fomu ya direkta ina nafasi ya namba tu.

Direkta mwenyewe ana mzigo wa namna nyingine, na nadhani ndiye aliyesahauliwa zaidi. Milio ikisikika saa tatu asubuhi, simu yake inalia kutoka kwa wazazi. “Papa Direkta, watoto watoke ao wabaki?” Akiwatoa, wanaweza kukutwa barabarani. Akiwabakiza, shule inaweza kupigwa na wazazi watasema aliwafungia. Hakuna ofisi inayojibu kwa wakati, kwa hiyo anaamua peke yake, kisha anaulizwa sababu baadaye na watu ambao hawakuwapo. Mji ukishabadilisha watawala, hata kufungua lango la shule kunakuwa siasa. Akifungua, upande mmoja unaweza kumwona msaliti. Asipofungua, upande wa pili unamwona mpinzani. Yeye alikuwa anataka tu darasa la sita wafanye mtihani wa mwisho wa msingi.

Mlinzi wa usiku, katibu na mfagiaji nao ni wafanyakazi wa elimu. Wengi wao wanalipwa kutokana na visenti vya shule yenyewe, hawana namba popote, na mlinzi ndiye anayekutana na wenye bunduki wanapokuja kutafuta mahali pa kulala. Sijawahi kuona mwongozo wa ustawi ulioandikwa kwa ajili yake.

Huwezi kusema dunia haikujua. Pendekezo la ILO na UNESCO kuhusu hadhi ya walimu lilipitishwa tarehe 5 Oktoba 1966, ndiyo maana Siku ya Walimu huadhimishwa tarehe hiyo, na linazungumzia mshahara bila kumung'unya maneno. Mwaka 2009 mtandao wa mashirika ya elimu katika dharura, INEE, ulitoa mwongozo mzima kuhusu namna ya kuwalipa walimu katika nchi tete na miongoni mwa waliokimbia. Mwaka 2015 nchi nyingi zilikutana Oslo kuahidi kuzilinda shule dhidi ya matumizi ya kijeshi, na Kongo iliridhia azimio hilo mwaka 2016. Kati ya hati hizi, ile ya Oslo ndiyo inayotajwa sana na ile ya 2009 ndiyo inayotajwa kidogo. Ulinzi wa majengo unapigika picha vizuri. Orodha ya malipo haipigiki.

Kilichopata fedha kwa wingi ni mafunzo. Mwaka 2010 shirika la IRC, kwa ufadhili wa USAID, lilianza mradi mkubwa katika shule za Katanga na Kivu, uliounganisha kufundisha kusoma na kulifanya darasa kuwa mahali pa kumponya mtoto. Walimu walikuwa wakikutana katika vikundi vya shule, wakibadilishana mbinu na kuzungumza matatizo yao. Ulikuwa mradi wa watu makini, na walifanya jambo ambalo miradi mingi hulikwepa: waliwaruhusu watafiti wa Chuo Kikuu cha New York kupima matokeo kwa kulinganisha shule zilizoanza na zilizosubiri. Matokeo ya mwaka wa kwanza kuhusu walimu wenyewe yalichapishwa 2015. Walimu wenye uzoefu mdogo zaidi walipata ari. Walimu wanawake walizidi kutoridhika na kazi yao.

Matokeo ya wanawake hao yanastahili kutafakariwa. Maelezo yangu, na ni yangu tu, ni ya saa za siku. Kikundi kinakutana baada ya vipindi. Mwalimu mwanamume anayekaa shuleni hadi saa kumi anakuta chakula nyumbani. Mama mwalimu anakuta moto haujawashwa, maji hayajatekwa, na mtoto wa marehemu dada yake anamngoja mlangoni. Umemwongezea maarifa na majukumu bila kumpunguzia kazi hata moja wala kumwongezea franka. Akiulizwa kama anaridhika na kazi, afanye nini zaidi ya kusema kweli? Tena mafunzo mazuri humfumbua mtu macho: aliyejifunza jinsi darasa linavyotakiwa kuwa anarudi kwa watoto mia moja na kuona wazi zaidi kile anachoshindwa kukitoa.

Sisemi vikundi hivyo vifutwe. Kwa mwalimu kijana aliyepelekwa peke yake katika shule ya kijijini, kukaa na wenzake na kusema “mimi pia silali” kuna thamani ambayo hakuna posho inayoinunua. Lakini vinapaswa kufanyika ndani ya saa za kazi, huku watoto wakiwa na mtu mwingine wa kuwashika. Na vinapaswa kuendelea. Januari 2025, mwezi ule ule Goma ilipotekwa, Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na USAID iliyokuwa imebeba miradi mingi ya elimu ya dharura ikaanza kuvunjwa. Kufikia Februari, UNICEF ilihesabu watoto 795,000 walio nje ya shule katika Kivu Kaskazini na Kusini kutoka 465,000 mwezi Desemba, na zaidi ya shule na vituo 2,500 vilivyofungwa. Nyuma ya kila mlango uliofungwa kulikuwa na walimu.

Kuna anayeweza kusema kwamba vita ni vita, na hakuna nchi iliyo vitani inayoweza kuwalipa walimu kama kawaida. Ukraine inambishia. Urusi ilipoivamia mwaka 2022, Benki ya Dunia ilianzisha mradi wa kuisaidia serikali ya Kyiv kulipa mishahara ya watumishi wa umma, na wafanyakazi wa shule walikuwa miongoni mwa waliokusudiwa tangu mwanzo. Septemba 2023 mji wa Kharkiv, ulio karibu sana na mpaka wa Urusi, ulifungua madarasa ndani ya vituo vya treni za chini ya ardhi. Walimu wa Kharkiv wanachoka, wanaogopa, wamefiwa, na hakuna haja ya kushindanisha maumivu yao na ya Goma. Ila mwalimu anayefundisha chini ya ardhi anajua kwamba mtu fulani Washington ameuona mshahara wake kuwa sehemu ya ulinzi wa nchi. Bila shaka Ukraine ina dola inayofanya kazi na marafiki wenye fedha. Lakini hata Kongo iliwahi kupata mkopo na ruzuku za Benki ya Dunia kwa ajili ya elimu ya bure. Njia ya fedha ilikuwapo, na anayetaka kumfikia mwalimu aliye nyuma ya mstari wa vita anaweza kuitafuta nyingine: mashirika ya kanisa, kwa mfano. Caritas iliwahi kubeba mishahara ya walimu hadi vijiji visivyo na benki, miaka mingi kabla ya Goma kutekwa.

Walimu nao hawakukaa kungoja. Likilimba, ile michango ya zamu ambayo Watanzania wanaiita upatu, ni ya zamani kuliko vita hivi. Katika chumba cha walimu kila mmoja anaweka kiasi alichoafiki, na mmoja anachukua kifungu chote. Wakati wa amani zamu hupangwa kwa kura. Vita vinapokaza, utaratibu hulegezwa: mwenye mgonjwa anatangulizwa, aliyefiwa anatangulizwa, na asiye na namba ya utumishi anaruhusiwa kuchanga nusu. Wengine wanauza makaa asubuhi kabla ya vipindi, wengine wanaendesha pikipiki jioni, na mwanafunzi akipanda pikipiki ya mwalimu wake pande zote mbili hujifanya hazioni.

Julai 2025 serikali ya Kinshasa na M23 walitia saini tamko la kanuni huko Doha, lililogusa kusitisha mapigano, wafungwa na kurudi kwa waliokimbia. Mazungumzo ya namna hiyo yakifika kwenye fedha, siku moja patatokea hesabu ya malimbikizo: nani anadai miezi mingapi. Mwenye namba na jina kwenye orodha ataonyesha ushahidi wake. Aliye na namba bila orodha atabishana, na pengine atapata kitu. Yule wa tatu, aliyefundisha zamu mbili katika darasa la mbao na kuandika majina ya wageni kwa penseli, hana karatasi inayoonyesha kwamba serikali iliwahi kudaiwa naye chochote. Direkta wake angeweza kuanza leo kumwandikia moja, kila mwisho wa mwezi, yenye tarehe, sahihi na muhuri wa shule, na nakala akaificha mahali ambapo hapachomwi kuni.